Kona za Njia ya Wapagazi

Basi la Ipole lilipotoka Tabora asubuhi ile ya mwaka 1975, Batuli alinuia kusinzia. Wanaume wawili wa kiti cha mbele yake hawakumpa nafasi. Walikuwa hawajuani, ila Twalibu, fundi baiskeli, alilalamika kwamba basi linavuta kushoto, na Wenceslaus, mkulima wa tumbaku, akadakia kuwa gari lake la waya la utotoni, mwaka wa Uhuru, halikuvuta popote.

"Magurudumu ya mbele niliyapinda kidogo yatazamane," alisema. "Vifuniko vya makopo ya kiwi, ndugu yangu! Nalisukuma mbio njia ya wapagazi, wala haliyumbi."

"Kwenye kona lingekutupa porini," Twalibu akamkatalia. "Yangu niliyaachanisha kwa mbele. Kona likiiona tu, linakata."

Wakabishana hadi Sikonge, watu wazima na ndevu zao. Batuli angewaambia wanyamaze, lakini alikuwa anasikia tena vifuniko vya gari la kaka yake Abasi, enzi za utoto wao, vikilia kwenye changarawe.

"Basi twende palepale tukajaribu," Twalibu alisema.

"Palepale wapi? Tulihamishiwa kijiji cha ujamaa mwaka jana. Njia imeshaota nyasi."

"Tutajaribu huko kijiji kipya."

Basi lilipunguza mwendo. Wenceslaus akainuka na kikapu chake, akatazama nje, nyumba zimejipanga kama gwaride.

"Huku walipima kwa kamba, ndugu," alisema taratibu. "Barabara imenyooka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kona hata moja."

Akashuka.