Nyungunyungu wa Bi Uzi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi wa mapazia, mliyemjua kwa jina la Bi Uzi. Alifariki Jumanne. Ameacha ombi moja: tusimsifu kabla hatujasema hili. Nami naona tabu kulisema, lakini wosia ni wosia.

Bi Uzi alifunga nzi. Si nzi wa jikoni, la. Ni ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi na unyoya, mpaka trauti, samaki yule mjanja wa maji baridi, adhani ni mdudu. Nzi wake hawakuwa na mbwembwe. Uzi wa kahawia uliobaki kwenye mapazia, unyoya mmoja wa shingo ya jogoo, fundo, basi.

Miaka kumi na tisa iliyopita aliingia mashindano ya mtoni. Sharti lilikuwa moja: nzi wa kufungwa kwa mkono, chambo hai marufuku. Asubuhi nzima hakupata kitu. Shemeji yake, kinyozi, mdogo wa mumewe, alikuwa ameshavua trauti mnono, na utani wake ulisikika hadi ng'ambo. Bi Uzi akaona haya. Akajibanza nyuma ya matete, akachimbua nyungunyungu, akamtunga juu ya nzi wake. Haukupita muda akavuta trauti mkubwa kuliko wote. Akapewa kikombe, shemeji akawa wa pili.

Narudia, kwa sababu aliomba nirudie: alishinda kwa nyungunyungu.

Kikombe alikificha chini ya sinki, nyuma ya ndoo. "Tulidhani mama ni mnyenyekevu," anasema bintiye. "Kumbe alikuwa anaona aibu." Hakutupa tena mshipi mtoni. Alifunga nzi akawagawia bure wote waliobisha hodi. Na kila sherehe, shemeji alipopaza sauti, "Mpisheni bingwa," Bi Uzi aliinamisha macho akatafuta vyombo vya kuosha.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyempasua samaki yule siku ile ni shemeji mwenyewe. Jana alikuja hapa studio, kofia mkononi.

"Nyungunyungu nilimkuta kooni mwa samaki," akasema. "Nikanyamaza. Watu watasema nilimsitiri. Si kweli. Nilipenda kumwona akiinama. Miaka kumi na tisa namwita bingwa, na kila mara nilijua ninachofanya."

Bi Uzi amemwachia yeye kikombe, pamoja na kijikaratasi: Hiki ni chako, shemeji, unisamehe. Kinyozi hajakigusa. Kipo mezani kwa marehemu, kimesuguliwa kikasugulika.

Kwa binti, kwa wajukuu, na kwako pia shemeji: poleni sana. Mungu ampumzishe. Nasi tuliobaki tujiulize, wasikilizaji wapendwa: yupo mtu tunayemwita kwa jina la sifa huku tukijua linamchoma? Kama yupo, twende kwake leo, angali anasikia.