Watoto wa Kumwagilia Maua

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, ng'ambo ya shule ya msingi, na jioni ile tulikuwa tukinywa kahawa. Mwenzetu Breki, dereva mstaafu, ana binti anayesomea ualimu, naye yuko mazoezini pale shuleni. Kesho yake mkufunzi wa chuo chake angekuja kumkagua. Sasa pale wana desturi yao: mkaguzi akija, watoto wasiojua kusoma hutolewa nje wakamwagilie maua, darasani wabaki wanaosoma kwa kutiririka. Binti kagoma kuwatoa. Mwalimu mkuu kamwambia akifeli asimlaumu mtu.

Kinyozi, tunayemwita Profesa kwa sababu hakosi jibu, akadai kusoma mtu huzaliwa nako. Yeye kashika vichwa vya mtaa mzima, na kisogo bapa hakishiki herufi. Nilipoguna, akaongeza kwamba mtoto anayeongea lugha nyingine nyumbani ulimi wake hukakamaa kama kiatu kilichoanikwa juani. Upuuzi mtupu, na nilimwambia hivyo hivyo.

Breki hakucheka.

— Mimi nataka apasi tu. Nimemsomesha kwa jasho. Awatoe, apate cheti chake, kufundisha kutakuja baadaye.

— Hapo umenena, Profesa akasema.

Binti mwenyewe akavuka barabara, chaki mikononi, akatuamkia, akaketi karibu na babake. Breki akamrudia yale yale, kwa upole, karibu kumsihi. Binti akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatueleza habari za mtoto anayeketi dirishani, anayeongea lugha ya bibi yake. Alipomruhusu asimulie hadithi kwa lugha hiyo kwanza, wiki hii kasoma ukurasa mzima. Mwingine hugusisha kitabu puani, na tangu aanze shule hakuna aliyemuuliza kama anaona.

— Baba, cheti kitasema najua kufundisha watoto kusoma. Hawa nikiwatoa, nitakuwa nimejifunza kumfundisha nani?

Profesa akaanza kufuta wembe ambao ulikuwa safi. Mimi nikaiinua birika niwaongezee, kumbe kahawa imekwisha.

Nikatazama ng'ambo, kwenye uzio wa shule. Maua yamestawi mno pale, na miaka yote hii benchi zima tumekuwa tukiyasifu.