Mashini Ikae kwa Dirisha

Citoyen Commissaire wa zone yetu, na wewe citoyen Kalenga, Directeur wa foyer hii tunamokutanika, citoyenne Chomba, assistante sociale wetu anayesaidia jamaa zetu, bababa na bamama wa kampi hii ya bafanyakazi, na ninyi batoto muliopanda juu ya ukuta: jambo yenu bote!

Mimi Nkandu, hata mwalimu akiniuliza kitu ninaangalia chini. Lakini leo furaha imeshinda haya yangu.

Munaona ile mashini ya kaseti, inayosema masomo ya kusoma? Citoyenne Chomba aliifunga nyuma ya nondo za dirisha, vifungo vikiangalia inje, akatundika herufi na picha pembeni, akasema: « Batoto, ni yenu. » Halafu akaenda zake! Mwalimu hakuna, fimbo hakuna. Baba Numbi, si wewe ulicheka ukisema, « Kesho mutaikuta sokoni »?

Na kweli, siku ya kwanza tulipigana, kila muntu anataka kufinya vifungo yeye. Ndipo Mwaba, huyu mudogo aliyekosa nafasi ya shule, akapiga kelele: « Ninyi! Baba zetu banapiganaka kwa tanuru kule kazini? Banagawanya poste, kila muntu na zamu yake! »

Tukagawanya: poste ya asubuhi, ya muchana, ya mangaribi. Na sawa vile baba anayetoka kazini haondoki mbele ya kumwambia mwenzake tanuru iko namna gani, hata sisi, anayetoka anamufundisha anayeingia yote aliyosikia. Akikosea, bote banamucheka, banarudisha kaseti. Mimi ninayesoma Kifaransa na Kiswahili nikakuja kusaidia, Mwaba akaniambia, « Yaya, hata wewe mukubwa, ngojea poste yako. » Nikangojea! Sasa ni nani alitufundisha, kama si sisi wenyewe?

Citoyen Directeur, ninajua unaogopa bamwizi. Ndiyo sababu umeamua kwamba, tangu kesho, mashini itafungiwa ndani ya bureau yako, itoke tu mwalimu akipata nafasi. Lakini yule mwalimu, na kalasi yake iliyojaa mupaka mulangoni, atapata nafasi wakati gani?

Ninakuomba mbele ya bantu bote: toa karatasi yoyote iliyo ndani ya mufuko yako, umupe Mwaba asome. Akishindwa, beba mashini leo leo. Akisoma, uiache kwa dirisha.

Mwaba, kuja hapa mbele. Usiogope, mimi ninaogopa kwa sisi wawili.

Aksanti sana kwa kunivumilia. Sasa munyamaze, mumusikilize yeye.