Santuri Ina Masikio

Ukishuka kutoka sokoni Bukoba kuelekea ziwani, duka la tatu ni la Dhirubhai, na barazani pake kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni jiwe. Nimeuza kahawa hapo tangu mume wangu alipokufa, na sitaki pole, alikuwa mvivu. Ya kunywa iko kwenye birika, ya kutafuna iko kwenye kikapu. Wateja wangu wa kila siku ni wanaume watatu waliorogwa na santuri za jazi. Kagaruki, tunayemwita Tarumbeta, alikwenda vita vya Burma akarudi na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono badala ya kurudi na akili. Shaban, Mswahili wa mjini, ni Sindano, kwa kuwa anaokota sindano za gramafoni zilizokwisha na kuzinoa juu ya lile jiwe la benchi. Wa tatu ni Ndyamukama, tunamwita Karani, naye ni karani kweli wa mizani ya kahawa, na Kiingereza cha kwenye santuri hukisoma kwa sauti ya padri. Siku ninayoieleza walifika kabla birika halijachemka, na hakuna aliyenisalimu. Jana yake, gramafoni ikipiga hapo hapo benchini, askari wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja, akainua mkono wa sindano, akaitoa santuri, akaitia kwapani na kusema maneno mawili: Bwana anaitaka.

— Hakusema kwa nini? Shaban aliuliza, mara ya sita.

— Angesema, ningekuwa nimelala usingizi, Kagaruki akajibu. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya samaki wa juzi.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Ndyamukama. Jana askari mmoja. Leo watakuja wawili.

— Karani, methali hiyo ni ya akiba, nikamwambia.

— Ma Kokuhirwa, hata askari wana akiba yao.

Nikawamiminia.

— Sikilizeni, Ndyamukama akasema, akainamisha kichwa. Mnajua mambo ya Kenya. Kule mtu anafungwa kwa wimbo. Wimbo tu! Na santuri zetu zinatoka wapi? Kwa watu weusi wa Amerika. Serikali inataka kujua wanatuambia nini.

— Hawatuambii kitu, Kagaruki akasema. Ni tarumbeta na ngoma na kinanda. Haina hata neno moja.

— Ndiyo hatari yenyewe, waitu, ndugu yangu. Wimbo wenye maneno unaweza kujitetea. Usio na maneno, mkalimani ataandika anachotaka yeye.

Mimi niliwahi kumwona mkalimani mahakamani akifanya hivyo hivyo.

Shaban alikuwa amechukua sindano moja kutoka kwenye kopo lake, anaizungusha kati ya vidole kama mtu aliyeipata kwenye nyama.

— Nyie mnaogopa Amerika, akasema. Mimi naogopa hiki kidude.

— Sindano? Kagaruki akauliza.

— Nikuulize, Tarumbeta. Sauti inatokaje kwenye santuri?

— Sindano inakwaruza ule mfereji.

— Na kule Amerika, sauti iliingiaje?

— Iliingia kwa kukwaruza, Shaban akajijibu. Jembe linalochimbua kiazi ndilo lililokifukia. Sasa sisi tunakaa hapa, sindano iko mferejini, inazunguka, nasi tunasema, tunasema, tunasema. Maneno yetu yanakwenda wapi?

— Yanakwenda na upepo wa ziwani, nikasema.

— Bibi, nikuulize na wewe. Ile santuri ilipokuwa mpya ilikuwa safi kama maji ya kisima. Siku hizi ina mvumo, shhh, mwanzo mpaka mwisho. Ule mvumo umetoka wapi?

— Umetoka kwenye sindano zako ulizonoa kwenye jiwe! Unaichuna santuri kama mbuzi, halafu unauliza ngozi imekwenda wapi.

— Ni sisi, akasema Shaban, kama hakunisikia. Ule mvumo ni sisi. Ni miaka minne ya maneno yetu, yamerundikana mpaka hayana nafasi. Sisi masikio yetu ya kawaida yanasikia shhh. Bwana Shauri ana gramafoni kubwa, mpya. Inatoa hata pumzi ya mpigaji.

Ni upuuzi. Nimesoma mpaka darasa la nne, najua upuuzi nikiuona. Lakini niliangalia lile kopo la sindano, nikaanza kukumbuka.

Wote walianza kukumbuka. Ungewaona. Ndyamukama alikuwa amemwita mkuu wa gombolola, yaani tarafa yetu, jina la mnyama. Shaban alisema kuhusu kodi. Lakini hayo ni ya kukemewa tu. La Kagaruki lilikuwa la kifungo. Kila santuri aliyo nayo ni gunia la kahawa alilovusha kwa magendo. Badala ya kuipeleka mizanini kama sheria inavyotaka, huitoa kibanjani, shambani kwake Izimbya, huipakia mtumbwini, huivusha Uganda, na hurudi na santuri zimefungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Na kisa chote hicho, na majina ya wapiga makasia, alitusimulia hapa benchini. Ile santuri ikizunguka.

— Nilisema na jina la ndugu yangu, Kagaruki akasema polepole.

Ndyamukama, karani wa mizani, akasogea mpaka mwisho wa benchi. Akabaki na tako moja hewani.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akasema. Na ile inajitembeza, tena kwa kuzunguka.

— Nifanyeje? Karani, wewe umesoma, nifanyeje?

— Zilizobaki zote ziangamie. Leo. Kabla ya hao askari wawili.

Kagaruki aliingia dukani. Santuri zake huziweka kwa Dhirubhai, maana mkewe Kokwijuka aliapa atazitia motoni akaangie ndizi. Akatoka na sanduku la chai lenye santuri kumi na moja, kila moja katika jani lake. Mtu huyu ana watoto watano, na sijamwona akimbeba hata mmoja hivyo.

— Zitupwe ziwani, akasema Ndyamukama.

— Wavuvi wa kisiwa cha Bumbire watazivua, Shaban akasema. Wavu unatoa kila kitu. Zitafika bomani kabla sato hajakauka.

— Basi zichomwe.

— Moshi wake ni mweusi na unanuka. Askari atafuata pua.

— Basi nizizike kibanjani, Kagaruki akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

— Uzike sauti chini ya mgomba? Shaban akashika kichwa. Mgomba utainywa. Ndizi zitaiva, utakamua rubisi, wageni watakunywa, na kila mlevi wa Izimbya atasimulia safari zako kwa jina la ndugu yako!

Ningecheka siku nyingine. Siku ile hata mimi niliona mkungu unaoongea.

— Zivunjwe, akasema Ndyamukama. Vipande vidogo. Anza na pacha.

Hapo Kagaruki alilikumbatia sanduku lake. Niwaeleze. Ile santuri iliyochukuliwa alinunua mbili, zilizofanana kabisa. Moja ya kupiga, moja ya kutunza. Ya kutunza haijaguswa na sindano tangu itoke dukani, naye huiita bikira, na Jumapili huifungua, huitazama, huifunga. Hao ndio wakusanyaji wa santuri. Wana kitu wasichokitumia na wanaogopa kisife.

— Hii haikusikia kitu, akasema. Haijawahi kuzunguka. Waitu, haina kosa.

— Ni pacha, Shaban akasema. Ajuacho mmoja, mwenzake anajua.

— Shahidi anayefanana na mshtakiwa huitwa mahakamani vile vile, akasema Karani.

Kagaruki akanigeukia mimi.

— Ma Kokuhirwa, na wewe unasemaje?

Ningeweza kusema iache. Nilifikiri maneno yangu mwenyewe, nikasema:

— Vunja.

Akaiweka juu ya lile jiwe. Haikulia sana. Ililia kama kibuyu kikavu kikikanyagwa. Akaipiga tena, na tena, mpaka ikawa vigae vyeusi miguuni petu, na karatasi yake nyekundu katikati, nzima.

Alikuwa anafungua jani la pili nilipomwona Muharami anakuja. Muharami ni mpishi wa Bwana Shauri. Hajawahi kunywa kahawa yangu, ana ya kwake huko bomani. Aproni yake alikuwa hajaivua.

— Salaam alaikum, akasema.

Shaban peke yake aliitikia.

— Nimeambiwa wenye ile santuri wanakaa hapa. Jamani, bwana tangu jana hajala. Nyama imepoa mara mbili. Anaipiga, anainua sindano, anairudisha pale pale. Pale pale. Anasogeza sikio. Ameita na yule bwana wa polisi, wanasikiliza wote wawili.

Kagaruki akalifunga lile jani la pili.

— Sasa amenituma swali moja tu, nimrudishie jibu. Anauliza, huyu anayecheka katikati ni nani?

Nilimwangalia Kagaruki. Yeye anaijua ile santuri kila mahali mpigaji anapovuta pumzi. Midomo yake ilikuwa inaifuata kutoka mwanzo, kimya kimya, akitafuta kicheko, na uso wake ukaniambia hakipati. Au kipo chini ya mvumo. Pacha ingetuambia kama kicheko kilitoka nacho Amerika, lakini jibu lilikuwamo kwenye vile vigae, na Muharami alikuwa amevikanyaga.

— Ni wa Amerika, au ni wa wapi? Bwana anasema ni kicheko cha mwanamke, mtu mzima.

Siku Kagaruki alipofika kwenye kisa cha polisi wa mpakani aliyemsaidia kushusha magunia akidhani ni maharage, wanaume hawa watatu walitabasamu tu. Mimi ndiye niliyecheka mpaka birika likamwagika.

— Semeni basi, nimeacha jiko linawaka, akasema Muharami.

Ndyamukama akatazama vigae. Shaban akatazama vigae. Kisha mmoja mmoja, wakainua macho na kunitazama mimi.