Fundi Cheche, Askari wa Akiba

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Cheche, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kitinda mimba wa mshona viatu na mkunga. Alisoma hadi darasa la nane, akaacha mwenyewe alipogundua kwamba anapenda moto kuliko hesabu. Akajifunza kuchomelea vyuma. Mageti mengi ya hapa ni kazi ya mikono yake, pamoja na lile la jirani linalofungukia barabarani, ambalo hakukubali kamwe kwamba alikosea.

Mwaka 1984 alimwoa dada wa rafiki yake aliyekuwa dereva wa lori. Marehemu ndiye aliyemshawishi shemeji huyo wajiandikishe pamoja katika jeshi la akiba, Agosti 1987. Walikula kiapo bega kwa bega. Picha yake akiwa na sare aliitundika sebuleni, na mgeni hakuonja chai kabla ya kuitazama.

Mwaka 1991 mto ulivunja kingo, askari wa akiba wakaitwa kuokoa watu. Shemeji alikuja asubuhi kumpitia. Marehemu hakujua kuogelea, wala hakuwahi kumwambia mtu. Alijifungia chumbani, akamtuma mkewe aseme amesafiri. Nyuma ya mlango alimsikia mama watoto, mwanamke asiyejua uongo, akimdanganya kaka yake wa tumbo moja.

"Akirudi, mwambie tulimpitia," shemeji alijibu, akaenda zake.

Shemeji alirudi salama, na sifa ya kuteremsha watu kutoka mapaani. Majirani walimpongeza, wakampongeza na marehemu, wakidhani naye alikwenda. Hakukana. Jioni hiyo aliiondoa picha ukutani, akisema kioo kimepasuka. Mazoezi ya jeshi hakukosa hata mwaka mmoja baada ya hapo, lakini kuketi na shemeji yake kulimshinda. Kila mara alikuwa na udhuru.

Ini lilipomlaza kitandani mwaka jana, alimwita shemeji.

"Siku ile nilikuwa ndani."

"Nilijua, shemeji. Nilikusikia ukikohoa. Hata mimi niliogopa, basi tu nilikuwa nimeshatoka nyumbani."

Marehemu alilia sana. Akaomba wasifu wake usipakwe rangi, na jeneza lake lisiwekewe sare. Mkewe aliridhia. Marehemu alifariki tarehe 14 Juni, akiwa nyumbani.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na shemeji yake, aliyebeba jeneza upande wa kichwani. Aibu aliyoibeba peke yake, leo tumemtua. Alale salama.