Metrine Nekesa na Jumamosi Iliyokuwa Tupu

Imeandikwa na Joweria, Ofisi ya Ratiba, kwa jarida la wafanyakazi

Jumatano, 31 Desemba 2025. Asubuhi kuna ukungu mzito, nyuzi joto kumi na sita, na basi la wafanyakazi kutoka mtaa wa Karama limechelewa dakika thelathini na tano. Leo Bi Metrine Nekesa anastaafu baada ya kuutumikia uwanja wetu wa kriketi kwa miaka ishirini na miwili, miezi mitatu na siku kumi na saba. Hesabu hiyo ameifanya mwenyewe, na ameirudia mara mbili.

Alianza kazi tarehe 14 Septemba 2003, akitokea Kimilili, Kenya, kuja katika nchi hii ya Kiarabu. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne, sanduku moja, na binti wa miaka mitano aliyemwacha kwa kaka yake Dancan. Alisafisha majukwaa kwa miaka mitano, akakata tiketi kwa miaka minne, na tangu mwaka 2012 ndiye aliyepanga ratiba. Wengi wetu hatujawahi kuujua uwanja huu bila yeye.

Watu hudhani kupanga ratiba ni kuandika jina la mechi kwenye kisanduku. Kazi yenyewe ni kuwaambia watu hapana, kwa adabu, mwaka mzima. Bi Metrine aliwaambia hapana waandaaji wa matamasha, kampuni zilizotaka kufanya sherehe juu ya nyasi, na bwana harusi mmoja aliyetaka kuingia uwanjani na ngamia. Idi aliiandika kwa penseli kwenye tarehe mbili. Mgeni mmoja kutoka Ulaya alipomuuliza ni ipi kati ya hizo mbili, alimwonyesha dirisha na kumwambia asubiri mwezi uandame, kama wanavyosubiri wengine wote.

Mwezi Februari mwaka huu vyuo vikuu viwili vya Marekani viliomba kuja kuchezea kwetu mpira wao, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Hakuna chuo kilichotaka kwenda nyumbani kwa mwenzake. Mjumbe wao alitueleza kwamba hilo si geni kwao, kwani mechi za vyuo huchezwa hata kwenye viwanja vya besiboli vya miji mikubwa, mahali ambapo hakuna aliye mwenyeji. Alileta picha. Bi Metrine alizitazama moja baada ya nyingine, kisha akauliza, “Na ule udongo wa besiboli, mliufanya nini?” Mjumbe akajibu kwamba waliufunika. “Kwa siku ngapi?” Mjumbe hakujua.

Sufyan, mtunza uwanja wetu, alijua. Ule ukanda wa udongo ulio katikati ndio kriketi yenyewe, na Sufyan huutembea akiwa na soksi tu. “Siku nne chini ya mikeka ya nyasi, sista,” alisema. “Ya tano, khalas, umeoza.” Bi Metrine akapanga siku nne kamili, na mechi ikawekwa Jumamosi, tarehe 13 Desemba.

Kukawa na suala la vyumba vya kubadilishia nguo. Mlango mmoja ulikuwa umeandikwa “Wenyeji” na mwingine “Wageni”, na hakuna chuo kilichokubali kuwa mgeni. Bi Metrine akaamuru maandishi yafutwe, iandikwe Chumba 1 na Chumba 2. Kesho yake zikaja barua pepe mbili, kila chuo kikiomba Chumba 1. Akamwita tena fundi wa rangi, ikaandikwa Chumba 4 na Chumba 7. Hakuna aliyelalamika tena, na namba hizo zipo mpaka leo.

Tarehe 3 Novemba Wamarekani waliandika kuomba radhi. Aliyepanga kwa upande wao alikuwa amesahau kwamba wachezaji ni wanafunzi, na chuo kimoja kilikuwa na mitihani mpaka jioni ya tarehe 12 Desemba. Walihitaji Jumamosi nyingine kabla ya Krismasi, la sivyo mechi ingehamia mji mwingine.

Kwenye kompyuta Jumamosi zote zilikuwa zimejaa. Tarehe 20 ilikuwa imefungwa kwa maneno “Nyasi kupumzika”. Ukweli ni kwamba nyasi hazikuhitaji mapumziko siku hiyo, maana zilikuwa na wiki nzima nyingine kabla ya kriketi kurudi tarehe 27. Siku hiyo ilikuwa ya Bi Metrine. Kimilili, kwa Dancan, wazee walikuwa wamepanga kukaa kwa mazungumzo ya mahari ya binti yake, Monicah. Tiketi ya ndege alikuwa ameshakata. Katika miaka yote hii, hiyo ndiyo tarehe pekee aliyowahi kujiwekea mwenyewe.

Mimi na yeye tunakaa chumba kimoja Karama, kwa hiyo mambo mengine niliyasikia bila kutaka. Bi Metrine hakuwepo Monicah alipomaliza shule ya msingi. Hakuwepo alipomaliza sekondari. Mwaka 2014 hakuwepo kwenye mazishi ya mama yake mzazi, kwa sababu yalikuja katikati ya mashindano. Mazungumzo haya ya mahari yalikuwa yameshasogezwa mara mbili kwa ajili yake. Mwezi Oktoba Monicah alimwambia kwenye simu, taratibu kabisa, “Mama, hii usipokuja, na harusi ya kanisani usijisumbue.”

Kwenye kikao mkurugenzi wetu, Bwana Hazim, aliuliza kama kuna Jumamosi yoyote, au awaambie Wamarekani kwaheri. Sufyan alitazama ndani ya kikombe chake cha chai. Watu wawili tu mezani pale ndio waliojua siri ya tarehe 20, na mmoja wao alikuwa ameamua kunyamaza. Bi Metrine naye angeweza kunyamaza. Lakini mbele yake kulikuwa na orodha ya watu mia na sitini wa ulinzi na huduma, wengi wao Wakenya na Waganda, aliowaandika mwenyewe kwa ajili ya mechi ile. Baadhi yao walikuwa hawajapata kazi tangu Septemba, na walikuwa wakimpigia simu kila Ijumaa kumuuliza kama bado ipo.

“Ishirini iko wazi, sir,” alisema.

“Sista, umeingia wazimu?” Sufyan alimnong’oneza.

“Nyasi zimepumzika vya kutosha, Sufyan.”

Bwana Hazim alifurahi sana. Hakujua chochote, na nadhani anajua sasa hivi tu, akiwa anasoma ukurasa huu. Usiku huo Bi Metrine alimpigia Dancan. Dancan alimjibu kwamba huko kwao hakuna kalenda ya kuhamisha wazee kwa mara ya tatu, mbuzi wameshaahidiwa, na wao wataendelea.

Jumamosi, tarehe 20 Desemba. Jua, upepo mwepesi. Saa tisa na dakika ishirini alasiri Bi Metrine alikuwa kwenye njia ya kuingilia uwanjani, akihakiki majina ya walinzi, huku bendi ya chuo kimoja ikifanya mazoezi nyuma yake na matarumbeta yasiyopungua arobaini. Simu ikaita, Dancan kutoka Kimilili. Wazee walikuwa wamefika pale ambapo mama wa binti huulizwa neno lake, na walikataa kuendelea bila hilo neno.

“Dada, wanauliza hizo ngoma ni za nani!” Dancan alipiga kelele.

“Waambie ni za Monicah!”

Mzee wa upande wa bwana harusi akachukua simu, akamuuliza kama anamtoa binti yake kwa moyo mweupe. Bi Metrine alisema anamtoa. Hakusikika. Akasema tena kwa sauti kubwa, matarumbeta yakammeza. Mara ya tatu alipaza sauti mpaka orodha ikamtoka mkononi, na majina ya watu mia na sitini yakatawanyika sakafuni. Msichana mmoja wa bendi akageuka, akamwona mwanamke mtu mzima aliyevaa fulana ya wafanyakazi akilia kwenye simu, akainua mkono. Bendi nzima ikanyamaza.

“Namtoa,” alisema Bi Metrine, kwa sauti ya kawaida. “Namtoa kwa moyo mweupe. Nisameheni, nipo kazini.”

Akaomba kuzungumza na Monicah. Dancan akasema Monicah hataki simu. Bi Metrine akaokota karatasi zake, akaendelea kuhakiki majina kuanzia herufi aliyokuwa ameishia.

Mechi ilichezwa na ikaisha salama. Watazamaji walikuwa elfu kumi na tisa, na watu wote mia na sitini walifanya kazi. Yeye hakutazama hata dakika moja. Baada ya mechi alisimamia uondoaji wa mikeka ya nyasi mpaka asubuhi, goti lake la kushoto likiwa limevimba. Kulipopambazuka Sufyan alivua viatu, akautembea ukanda wa udongo kutoka mwanzo mpaka mwisho. “Uko hai, sista,” alisema. “Yalla, nenda ukalale.”

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante, Bi Metrine. Asante kwa tarehe ulizotutafutia na kwa zile ulizotunyima kwa faida yetu. Asante kwa likizo zetu ulizozilinda wakati zako zikiliwa, jambo ambalo tulipaswa kuliona mapema na hatukuliona. Unasafiri Jumamosi hii, tarehe 3 Januari. Tunakuombea afya, goti lipone, na siku ndefu zisizo na kengele ya saa. Maisha mema, dada yetu.

Limebaki jambo moja, ambalo ameniruhusu kuliandika.

Jumapili ile, tarehe 21 Desemba, tulifika chumbani saa nne asubuhi. Alikaa kitandani bila kuvua viatu. Saa nne na nusu simu ikaita, akaiwasha spika na kuiweka juu ya mto, kwa kuwa mikono ilikuwa imechoka kushika. Alikuwa Monicah.

“Mama,” alisema, “kumbe wazee uliwapigia matarumbeta.”

Nilisikia kuku wa Kimilili, na mtu akiburuta viti.

“Sasa padri anataka tarehe ya kanisani,” Monicah akaendelea. “Huku kila mtu anataja yake, wanagombana tangu asubuhi. Kazi hii ni yako. Tupe Jumamosi moja.”

Kwa miaka kumi na mitatu simjui mtu aliyepata tarehe kwa Bi Metrine kabla hajafungua kalenda. Safari hii hakufungua kitu. “Chagua wewe, mwanangu,” alisema. “Kuanzia Januari zote ziko tupu.”

Wakaongea mpaka salio la Monicah likaisha. Bi Metrine akageukia ukutani, viatu miguuni, na akalala saa tano na dakika kumi.