Blauzi ya Jumapili: Risala ya Wadodosaji wa Gereza la Birch Narrows

Mgeni rasmi, Bi. Margit Halvorsen, Kamishna wa Magereza wa jimbo letu,
Mkuu wa Gereza la Wanawake la Birch Narrows,
Mkurugenzi wa Kituo cha Utafiti wa Haki cha Tamarack,
Maofisa, na wafungwa wenzetu,

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana. Tunajua barabara ya kuja huku ina theluji tangu Jumatatu, na kwamba ungeweza kumtuma naibu wako. Umekuja mwenyewe, nasi tumefurahi kweli. Kahawa iliyo mbele yako ni nyepesi. Utuwie radhi, ndiyo kahawa yetu, na leo jikoni wameiongeza kijiko kizima kwa heshima yako.

HISTORIA YA KIKUNDI

Kikundi chetu kilianza miaka minne iliyopita, Kituo cha Tamarack kilipopata kibali cha kufanya utafiti humu. Kituo hiki si cha serikali wala hakitafuti faida. Kazi yake ni kuchunguza jinsi watu wanavyohukumiwa na wanavyoishi wakishafungwa. Wataalamu wake walikuja na madodoso, wakauliza, wakajibiwa vizuri mno. Kila mtu alisema chakula ni kitamu. Hapo mtafiti wao mkuu, Bw. Anselm Kowalczyk, akajua kwamba anadanganywa, akaona afadhali wafungwa wahojiane wenyewe.

Tukachaguliwa wanawake tisa. Tulifundishwa kuuliza bila kumtilia mtu maneno mdomoni, kunyamaza anapolia, na kuandika alichosema, si tulichotaka aseme. Huko kunyamaza kuliwashinda baadhi yetu mwezi mzima. Msomaji wa risala hii, Rosalie Dufresne wa jikoni, ndiye aliyeongoza kwa kushindwa.

MAFANIKIO

Tumewahoji wanawake mia nne na kumi na wawili. Lakini fanikio tunalojivunia zaidi lilianza kwa kosa.

Dodoso liliuliza, “Unapata wageni mara ngapi?” Bi. Verna Stroud, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu, aliye humu mwaka wa ishirini na tisa, alijibu, “Kila Jumapili.” Tukaandika hivyo hivyo. Kule Kituoni, Bw. Anselm akalinganisha na daftari la getini, akakuta Bi. Verna hajapata mgeni kwa miaka kumi na moja. Akagonga muhuri wa “Jibu batili” na kuliweka dodoso kando.

Sisi tulijua asilolijua yeye. Humu hatuna pasi. Mwenye mgeni Jumapili huilowesha blauzi yake Ijumaa, akaikamua, akaikunja vizuri, akailaza chini ya godoro na kuilalia hadi inyooke. Bi. Verna ameilaza blauzi yake kila Ijumaa kwa miaka yote hiyo. Jumapili huivaa, akachana nywele, akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka saa tisa alasiri, muda wa wageni unapokwisha.

Tulikuwa tukimtania.

“We Verna, leo anakuja nani? Gavana?”

“Anakuja anayekuja.”

“Miaka kumi na moja, dada!”

“Na akija leo je? Anikute nimekunjamana kama kitambaa cha kudekia? Atasema jela imenishinda.”

Tulicheka. Mungu atusamehe, tulicheka sana.

Bw. Anselm alipoleta matokeo tulimweleza habari ya blauzi. Akasema mbele yetu sote, “Nimekosea. Nilihesabu wanaokuja, sikuhesabu wanaosubiri.” Akalirudia rundo lake la majibu batili, akakuta mengine thelathini na saba ya namna ile ile. Kituo kikaanza utafiti mpya, kikawatafuta ndugu waliokuwa wakisubiriwa, mmoja mmoja. Hiyo ndiyo ripoti yenye jalada la kijani iliyo mezani pako. Ndani yake utaona kwamba wengi hawakututupa. Waliomba kuja, wakakataliwa.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, kanuni inasema mgeni asiyefika mwaka mzima jina lake linafutwa, na ni lazima aombe upya. Usafiri wa basi la kuja huku uliposimamishwa, ndugu wengi walishindwa kufika, na majina mengi yalifutwa kwa mpigo. Tena kanuni inasema sahihi ya kwenye fomu ilingane na ile ya kwenye kitambulisho.

Bi. Verna ana dada mmoja tu, Bi. Ottilie, wa miaka sabini na tisa. Mkono wake unatetemeka. Amejaza fomu mara tatu, na mara tatu imerudishwa kwa maelezo kwamba sahihi hailingani. Hatumlaumu aliyeirudisha, alifuata kilichoandikwa. Barua Bi. Ottilie hawezi kuandika, na kwenye simu hasikii. Bw. Anselm alipofika kwake, bibi huyo alimshika kwenye mkono wa koti na kumwambia, “Mwambie sijamsahau. Mkono wangu ndio umesahau jina langu.”

Tulipompelekea Bi. Verna habari hizo, hakushangaa hata kidogo. “Si niliwaambia?” alisema, kisha akalia, na safari hii tulinyamaza wote, hata Rosalie.

Sasa Bi. Verna yuko wodini. Ni mapafu. Daktari hazungumzii tena miezi, anazungumzia wiki.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi saba. Jumanne tulikaa, tukayafuta sita, hata lile la kahawa. Limebaki moja: kanuni ya sahihi isiwafunge wazee na wagonjwa. Tunajua kanuni haibadilishwi kwa siku moja. Kwa hiyo tumeambatisha nyuma ya risala hii fomu ya Bi. Ottilie, ya nne. Chini yake pana nafasi ya Kamishna kuidhinisha. Tunaomba sahihi yako, Mgeni rasmi, leo, kabla hujapanda gari.

HITIMISHO

Bw. Anselm amesema atamfuata Bi. Ottilie kwa gari lake, theluji iwepo isiwepo.

Leo ni Ijumaa. Bi. Verna hana tena nguvu za kunyanyua godoro. Asubuhi aliniambia, “Rosalie, nilazie blauzi yangu.” Niwieni radhi, risala husomwa kwa “sisi”, lakini hili aliniambia mimi. Nesi aliruhusu. Tumeilowesha, tumeikunja, tumeilaza chini yake upande wa moyo. Jumapili itakuwa imenyooka.

Mungu akufikishe nyumbani salama, akukutanishe na wako wote wakiwa wazima, na kamwe asikosekane wa kukufungulia mlango.

Ni sisi,
Wadodosaji wa Ndani,
Gereza la Wanawake la Birch Narrows